Jaji mwenye ofisi lakini hana jalada

Katika Mahkama ya Rufaa ya Federal Circuit, mjini Washington, mahkama ya shirikisho la Marekani inayosikiliza rufaa za hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), kuna jaji mwenye kiapo, cheo na mshahara kamili, lakini tangu tarehe 20 Septemba 2023 hapangiwi shauri jipya hata moja. Anaitwa Pauline Newman. Alizaliwa Juni 1927, akasoma kemia hadi shahada ya uzamivu Yale mwaka 1952, akawa mwanasheria wa hataza, na Rais Ronald Reagan akamteua kuwa jaji mwaka 1984. Hakufukuzwa, hakustaafu, wala hakutuhumiwa rushwa. Wenzake walimtaka akapimwe akili na madaktari waliowachagua wao, akakataa, wakamsimamisha mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha wakaongeza mwengine, 2024. Ulipokwisha huo wakaongeza tena, 2025.

Likitajwa jambo hili barazani, suali la mwanzo huwa moja tu: kwani huko hawastaafu? Jawabu ni kwamba majaji wa shirikisho hawana umri wa kustaafu. Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 inasema watashika kazi muda wote wa mwenendo mwema, na mshahara wao haupunguzwi wakiwa kazini. Na watu wakishasikia hivyo, mazungumzo yote hugeukia umri: amepita miaka 95, bibi mzima, atakumbuka nini? Mimi naona hapo ndipo wengi tunapopotea. Ugomvi huu kiini chake si umri. Ni nani apime, apime kwa kipimo gani, na mtu akae nje muda gani wakati kipimo hakijafanywa. Mambo hayo matatu yangekuwa yamekaa sawa, hata jaji wa miaka 45 aliyeumia kichwa katika ajali angeshughulikiwa kwa haki. Hayakukaa sawa, na ndiyo maana kesi imeburutwa miaka.

Tuanze na milango aliyotengenezewa jaji wa aina hii kutokea. Mlango wa katiba ni mmoja tu: Baraza la Wawakilishi (la kwao, si letu la Chukwani) limshtaki kwa kura za wengi, kisha Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili. Tangu taifa lile lianze, majaji walioondolewa kwa njia hiyo ni wanane tu. Wa mwanzo alikuwa John Pickering wa New Hampshire, mwaka 1804, na kesi yake inafaa kutazamwa kwa makini. Pickering alikuwa mlevi, na akili ilikuwa imemtoka. Mwanawe aliwapelekea maseneta maombi akieleza kwamba baba yake amerukwa na akili, kwa hiyo hawezi kuitwa mkosaji. Seneti ikawa njia panda: mgonjwa si mhalifu, na mlango uliopo ni wa wahalifu. Walimtia hatiani hivyo hivyo, kwa sababu vyenginevyo angebaki kitini. Zaidi ya miaka 200 baadaye tatizo ni lile lile. Maradhi ya jaji yanatafutiwa jina la kosa ili yapate kushughulikiwa.

Mlango wa pili ni wa hiari. Jaji akifika miaka 65 na utumishi wa miaka 15, au umri mkubwa zaidi na utumishi mfupi zaidi vikijumlika kufika 80, hadi umri wa 70 na utumishi wa 10, anaweza kuwa jaji mwandamizi: anapunguza kazi, mshahara wake unabaki, na kiti chake kinatangazwa wazi ili ateuliwe mwengine. Wengi hupita hapo, na ni mlango wa heshima. Newman hakuutaka, na sheria haimlazimishi.

Mlango wa tatu haujulikani sana, nao ndio niuonao wa busara kuliko yote. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 372(b), inaruhusu baraza la majaji wa mzunguko husika (mzunguko ni eneo la mahkama moja ya rufaa) kutia saini hati, kwa wingi wa wajumbe, kwamba jaji fulani ana ulemavu wa kudumu wa mwili au akili na hawezi kutekeleza kazi zake zote. Hati inakwenda kwa Rais, na Rais, Seneti ikikubali, anaweza kuteua jaji wa ziada. Mgonjwa hafukuzwi. Anahesabiwa mdogo kwa cheo kuliko wenzake, anaendelea kulipwa, na akiondoka nafasi yake haijazwi. Mahkama inapata mikono ya kufanya kazi bila ya kumfedhehesha mtu. Lakini ili kutia saini ile lazima useme wazi kwamba huyu ni mgonjwa, na uwe na ushahidi. Katika kesi ya Newman, baraza halikufika huko.

Lilikofika ni mlango wa nne, sheria ya mwenendo na ulemavu wa majaji ya mwaka 1980. Mtu yeyote anaweza kuandika malalamiko na kuyapeleka kwa karani wa mahkama ya rufaa. Yakishapokelewa yanakwenda kwa jaji mkuu wa mzunguko, na yeye anaweza kuyatupa, kuyafunga kama tatizo limeshatatuliwa, au kuunda kamati maalumu ya uchunguzi. Jaji mkuu pia anaweza kuanzisha malalamiko mwenyewe kwa amri ya maandishi. Malalamiko mengi hutupwa hapo hapo mwanzo kwa sababu mlalamikaji hakuipenda hukumu, na sheria inasema wazi kwamba ubaya wa hukumu ni jambo la rufaa, si la nidhamu.

Kamati ikishaundwa, inahoji watu, inakusanya nyaraka na kuandika ripoti kwa baraza la majaji. Baraza likiridhika lina adhabu kadhaa mkononi: kumkaripia kwa siri, kumkaripia hadharani, kumwomba astaafu kwa hiari, kutia saini ile hati ya ulemavu, au kuamuru asipangiwe mashauri mapya. Kumwondoa haliwezi. Na amri hiyo ya kutopangiwa mashauri sheria imeifunga kwa maneno mawili ambayo ndiyo shina la ugomvi wote: iwe ya muda tu, na iwe ya kipindi maalumu.

Sasa tuufuate mlolongo wenyewe. Tarehe 24 Machi 2023 Jaji Mkuu wa Federal Circuit, Kimberly Moore, alitoa amri ya kuanzisha malalamiko. Kamati ikawa ya watu watatu: Moore mwenyewe, Sharon Prost na Richard Taranto. Madai yalikuwa kwamba Newman amekuwa mzito mno kuandika hukumu, na kwamba watumishi walieleza kusahau, kuchanganyikiwa na kuwatuhumu watu bila ya msingi. Kamati ikaagiza apimwe na daktari wa mishipa ya fahamu na mtaalamu wa saikolojia ya ubongo, iliowachagua yenyewe, na atoe rekodi zake za hospitali. Newman akasema: nitapimwa, lakini si hivyo, na kesi hii ihamishiwe mzunguko mwengine kwanza. Akaleta ripoti za daktari wa mishipa ya fahamu na wa magonjwa ya akili aliowatafuta mwenyewe, na mwaka 2024 akaongeza kipimo cha skani kinachoonesha mtiririko wa damu kichwani. Kamati ikasema hizo hazitoshi.

Hapo ndipo shauri lilipogeuka, na msomaji asipitwe. Kamati iliacha suali la ulemavu, ikabakisha suali la kutotii: amekataa kushirikiana na uchunguzi, bila ya sababu ya msingi. Tarehe 31 Julai 2023 ikapendekeza asimamishwe, na Septemba baraza likakubali. Kwa hiyo kwenye karatasi Newman hakusimamishwa kwa kuwa ni mgonjwa. Amesimamishwa kwa kukataa kupimwa. Swali la kama akili yake ni nzima, ambalo ndilo walilokuja nalo, halikuamuliwa na mtu.

Naielewa hoja ya kamati. Kama mtu anayechunguzwa anaruhusiwa kujichagulia daktari na kuficha rekodi, uchunguzi unakuwa wa jina tu. Na wadaawa wana haki zao: mwenye kiwanda anayepigania hataza yake hastahili kuhukumiwa na mtu asiyekumbuka kilichosemwa asubuhi. Hilo si dogo, na anayemtetea Newman bila ya kulitaja hatendi haki. Lakini tazameni viti. Aliyelalamika ni Jaji Mkuu. Aliyeongoza kamati ni yeye huyo. Walioamua ni wenzake wa mahkama moja, ambao baadhi yao walikuwa mashahidi wa mambo yaliyotokea korido moja nao. Mizunguko mengine kamati huchanganya majaji wa rufaa na wa mahkama za wilaya kwa idadi sawa, lakini Federal Circuit haina wilaya chini yake, basi wote ni wale wale wa nyumba moja. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hata awe mwadilifu namna gani. Kanuni namba 26 ya mashauri hayo inaruhusu Jaji Mkuu wa Marekani kuombwa auhamishie mzunguko mwengine uchunguzi wa aina hii. Ombi la Newman la kuhamishwa halikukubaliwa. Lingekubaliwa, naamini mzozo ungekwisha ndani ya mwaka ule ule, kwa sababu sababu yake kubwa ya kukataa kupimwa ingeondoka.

Na hicho kipimo chenyewe tukitazame kwa karibu, maana watu husema "akapimwe akili" kana kwamba ni kupima presha. Kipimo cha awali kinachotumika sana duniani kinaitwa MoCA. Kina alama 30, huchukua kama dakika 10, na kuanzia 26 kwenda juu huhesabiwa kawaida. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Unaunganisha namba na herufi kwa zamu, unanakili mchoro wa mchemraba, unataja wanyama watatu waliochorwa, unatoa saba kutoka mia mara kwa mara, unasikilizishwa maneno matano kisha baada ya kama dakika tano unaulizwa uyataje.

Halafu unaambiwa chora saa, uweke akrabu zake saa tano na dakika kumi. Kwa Kiingereza mtego wa zoezi hili uko kwenye neno kumi: akili iliyochoka huipeleka akrabu kwenye namba 10 badala ya namba 2. Kwa Mswahili kuna mtego juu ya mtego, kwa sababu tunasema saa tano na akrabu fupi inakwenda kwenye 11. Mzee wa Wete aliyesoma saa hivyo maisha yake yote atafanya tafsiri hiyo bila ya kufikiri, na mwengine mwenye akili timamu ataelekeza akrabu kwenye 5 kwa kuwa ndilo neno alilolisikia. Karatasi ni ile ile, mtahiniwa hali yake ni ile ile, alama zinatofautiana. Mpimaji asiyejua lugha ya anayempima ataandika kuwa mtu ana kasoro, na kumbe kasoro iko kwenye swali.

Zaidi ya hapo, MoCA ni kichujio, haitoi utambuzi wa maradhi. Kipimo kamili cha saikolojia ya ubongo huchukua saa kadhaa, na matokeo hulinganishwa na ya watu wa umri na elimu inayokaribiana. Kwa mtu wa miaka 95 na zaidi, mwenye shahada ya uzamivu, watu wa kulinganishwa naye ni wachache mno. Kabla ya yote daktari makini ataondoa sababu zinazoponyeka: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, maambukizo ya mkojo, dawa za usingizi, huzuni ya muda mrefu. Na masikio! Maneno matano yanasomwa kwa sauti. Asiyesikia vizuri hakumbuki kwa sababu hayakumfikia, na hilo huandikwa usahaulifu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa jaji kuna ushahidi mwengine ulio bora kuliko karatasi ya hospitali, nao ni kazi yake. Federal Circuit huweka hadharani sauti za wanasheria wakijibu maswali ya majaji. Anayetaka kujua kama jaji anafuata hoja anaweza kusikiliza: anauliza kuhusu shauri lililo mbele yake? Anarudia swali lililokwisha kujibiwa? Hukumu zinasomwa vile vile: je, amenukuu kumbukumbu za kesi kwa usahihi, na zimechukua siku ngapi tangu kusikilizwa? Uzito wa kuandika peke yake haushuhudii mengi. Newman anajulikana kwa kuandika maoni ya kupinga wenzake katika jopo la watatu, na anayepinga huandika peke yake, tena kwa urefu. Ndiyo maana hesabu ya hukumu kwa mwezi lazima igawanywe: ngapi za jopo zima, ngapi za kupinga, na zipi zilizokaa bila ya sababu.

Mwaka 1975 mahkama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikutana na jambo hili hili, kimya kimya. Jaji William O. Douglas alipigwa na kiharusi tarehe 31 Disemba 1974. Alirudi kazini akiwa na maumivu, akisinzia, akikosea majina. Oktoba 1975 wenzake walikubaliana kwamba shauri lolote ambalo kura yake ndiyo itakayoamua liahirishwe. Walikubali wote isipokuwa Byron White, aliyeandika barua kupinga. Hoja yake haikuwa kwamba Douglas ni mzima. Ilikuwa kwamba katiba haikuwapa majaji mamlaka ya kumpokonya mwenzao kura, na kama hafai, njia ni kumshtaki Bungeni. Douglas alistaafu mwezi uliofuata, baada ya miaka 36. White alikuwa na haki, na barua ile inafaa kusomwa upya kila mwaka wanapoongeza kusimamishwa kwa Newman. Kipindi maalumu kinachorejewa mara ya pili na ya tatu, kwa sababu ile ile, hakina umaalumu tena. Kinakuwa kuondolewa kazini na watu ambao katiba haikuwapa kazi ya kuondoa.

Newman alipeleka hoja hiyo mahkamani. Mahkama ya shirikisho ya wilaya, Washington, ilimkatalia mwaka 2024, na ya rufaa ikaunga mkono Agosti 2025, ikisema inafungwa na uamuzi wake wa 2001 katika kesi ya Jaji McBryde wa Texas: sheria ya 1980 imefunga mlango wa mahkama kupitia amri za mabaraza hayo, na malalamiko mengi yaishie kwenye kamati ya majaji wenyewe. Kwa maneno mengine, anayesema hakimu wangu ni mshitaki wangu anajibiwa arudi kwa hakimu yule yule.

Kwetu tumeumaliza ugomvi wa aina hii kwa namba. Katiba ya Muungano inampumzisha jaji wa Mahkama Kuu ya Tanzania akiwa na miaka 60 na wa Mahkama ya Rufani akiwa na 65. Namba ina rehema yake: hakuna anayeambiwa akili yake imechakaa, kila mmoja anaagwa akitimiza umri uliowekwa. Lakini ina hasara. Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na kisha wa Tanzania, aliondoka mwishoni mwa 2010 alipotimiza 65. Miaka ile ile aliyohesabiwa mzee nyumbani alikuwa jaji wa Mahkama ya Afrika, Arusha, na kuanzia 2014 hadi 2016 akawa Rais wake. Na namba haizuii ugomvi. Kenya mwaka 2016 walibishana hadi juu kabisa kama Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal astaafu kwa 70 ya katiba mpya au 74 ya zamani. Hapa Tanzania Jaji Mkuu Ibrahim Juma alifika 65 Juni 2023, Rais akamwongezea muda, na nyongeza ile ikabishaniwa mahkamani. Aliendelea hadi 2025.

Kwa jaji anayeugua kabla ya umri huo, ibara ya 110A ina mpangilio ambao Wamarekani wangefaidika nao. Rais, baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, anaweza kumsimamisha jaji, na anateua tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine wawe majaji, na wanaweza kutoka nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Maradhi yametajwa kwa jina lake, mbali na tabia mbaya, kwa hiyo mgonjwa halazimiki kuitwa mkosaji. Na kusimamishwa kunakwenda sambamba na uchunguzi. Si adhabu ya kusimama peke yake. Udhaifu upo, nao ni kwamba anayeteua tume ni Rais, na serikali ni mdaawa mkubwa kuliko wote mbele ya majaji hao. Lakini angalau jaji wa kutoka Ghana au Mauritius hakai korido moja na anayechunguzwa.

Kwa anayetaka kulalamika kuhusu uwezo wa hakimu au jaji hapa Visiwani, kupitia Tume ya Utumishi wa Mahkama, barua ya kurasa mbili inatosha ikiwa na vitu vinavyohesabika: namba ya jalada, tarehe shauri liliposikilizwa mwisho, mara ngapi hukumu imeahirishwa na sababu iliyotajwa kila mara, na maneno yenyewe yaliyoandikwa kwenye mwenendo wa shauri pale unapoona amechanganya wadaawa au ushahidi. Ambatisha nakala ya mwenendo yenye muhuri wa Mrajis. Usiandike kwamba hukumu ilikuwa ya dhulma. Hilo ni la rufaa, na litafanya barua nzima iwekwe pembeni. Usiandike kwamba ni mzee. Usimtaje maradhi, maana wewe si daktari wake. Andika kwamba tarehe fulani aliuliza jambo ambalo tarehe fulani lilikwisha kujibiwa, ukurasa fulani, na uwaachie wao waulize kwa nini.